Vitunguu vilivuka Namanga, sisi tukabaki

Ninapanga safari za wageni katika kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Ukinipigia simu kuuliza kama raia wa nchi fulani anahitaji viza kuingia Tanzania, au kama mwenye kibali cha kuingia Kenya anaweza kuvuka kuja Ngorongoro kisha akarudi kupandia ndege Nairobi, nakujibu bila kufungua kompyuta. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Miaka ile ya korona, kila nchi ilipokuwa na masharti yake na masharti yenyewe yakibadilika kabla hujamaliza kuyasoma, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa, na wageni, na madereva, na bosi. Tangu wakati huo kuna jambo limekaa moyoni mwangu na leo naliandika: nani alisamehewa masharti, na nani hakusamehewa.

Nianze na mpaka ninaoujua. Kwetu ni Longido. Kutoka Longido hadi Namanga hata saa nzima huchukui, na Namanga ni mji mmoja uliokatwa na nchi mbili. Shangazi yangu, dada yake baba wa tumbo moja, aliolewa Bissil upande wa Kajiado kabla mimi sijazaliwa. Watoto wake ni Wakenya, sisi ni Watanzania, na likizo zote za utotoni tulikula sufuria moja. Sisi na wao hatuombani viza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Mtanzania akiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria anagongewa muhuri Namanga na kuendelea na safari yake. Desemba 2018 marais wawili, Magufuli na Uhuru Kenyatta, walikuja pale kufungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri akaguliwe sehemu moja tu badala ya mbili. Baba alikwenda kuona. Alirudi amefurahi sana.

Korona ilipoingia Tanzania, ilianzia kwetu. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na alikuwa hapahapa Arusha, amefika kwa ndege kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. Wiki ile simu ofisini hazikunyamaza, zote za kuahirisha au kufuta safari. Wageni walioingia kutoka nchi zenye maambukizi wakatakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao, na mwezi Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Mwishoni mwa Aprili serikali yetu iliacha kutoa takwimu, hesabu ikabaki wagonjwa 509. Tarehe 18 Mei anga ikafunguliwa tena, karantini ikaondolewa, na sisi wa utalii tukaambiwa tukaribishe wageni.

Nasema hili wazi kwa sababu nataka kuwatendea haki Wakenya. Wao walikuwa wanatoa takwimu kila siku, wanapima, wana amri ya kutotoka nje usiku. Ng'ambo ya pili kuna jirani asiyetoa hesabu yoyote. Tarehe 16 Mei 2020 Rais Kenyatta akatangaza kufunga mipaka na Tanzania na Somalia kwa watu wote, isipokuwa malori ya mizigo, na madereva wapimwe kwanza. Ningekuwa waziri wa afya wa Kenya huenda na mimi ningefunga. Hofu ilikuwa ya kweli, na watu walikuwa wanakufa kweli, pande zote mbili.

Ila angalia kilichofuata. Madereva wa kwetu walipimwa Kenya wakaambiwa wana maambukizi. Upande wetu viongozi wakasema vipimo hivyo si vya kuaminika. Wakuu wa mikoa ya mpakani nao wakazuia malori ya Kenya. Foleni ikalala barabarani. Nina dereva ninayemfahamu tangu akiwa anaendesha magari ya watalii, akahamia kwenye semi baada ya wageni kukauka. Alikuwa analala chini ya tela, anapika ugali kwenye jiko la mafuta pembeni ya tairi, na kila jioni ananitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama nimesikia lolote. Tarehe 22 Mei mawaziri wa uchukuzi wa nchi mbili, James Macharia wa Kenya na Isack Kamwelwe wa kwetu, wakakutana Namanga. Wakakubaliana dereva apimwe nchini kwake kabla ya kuanza safari, na cheti chake kidumu siku 14.

Ilichukua muda mfupi sana, kwa hiyo, kupata msamaha wa mizigo. Mawaziri wakafunga safari hadi mpakani, wakakaa, wakaandika, wakaondoka.

Juni hiyohiyo shangazi akafariki. Haikuwa korona, ni moyo, alikuwa akiumwa siku nyingi. Binamu yangu alipiga simu alfajiri, baba akasikiliza bila kusema neno, halafu akaingia ndani kuvaa koti. Nilikuwa nyumbani Longido kwa sababu ofisini hakukuwa na kazi. Nikamwambia, "Baba, mpaka umefungwa." Akanijibu, "Umefungwa kwa wasafiri. Mimi nakwenda kuzika."

Tukaenda. Nilijua kitakachotokea na bado nikaenda naye, kwa sababu kuna mambo mzee lazima ayasikie mwenyewe. Kijana mwenye sare upande wetu alitusimamisha kabla hatujafika kwenye jengo. Alikuwa na adabu sana. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefiwa na dada yangu. Tumbo moja. Anazikwa kesho Bissil."

"Pole sana, mzee wangu. Pole mno. Mimi ningekuruhusu hata sasa hivi, ila ng'ambo hawapokei abiria. Ni mizigo tu."

Baba alitazama barabara. Fuso lilikuwa linapita pale getini, limepakia vitunguu, magunia mekundu ya nyavu yamejaa hadi juu ya bodi, maganda yanapeperuka nyuma yake. Vitunguu vya Mang'ola hivyo, vinakwenda Nairobi kila mwaka, mwaka wa korona na mwaka usio wa korona. Akamuuliza yule kijana, bila hasira, kabisa kama mtu anayetaka kuelewa: "Na yule dereva amepimwa?" Akajibiwa ndiyo, amepimwa, ana cheti. "Basi nipimeni na mimi."

Hakukuwa na utaratibu wa kumpima mzee anayekwenda mazishini. Ndivyo tulivyoambiwa, na ilikuwa kweli. Kipimo kilikuwepo, cheti kilikuwepo, makubaliano ya mawaziri yalikuwepo, ila yote yaliandikwa kwa ajili ya aliyeshika usukani wa lori. Mfiwa hakuandikwa popote.

Vijana wa pikipiki walitufuata wakanong'ona kwamba kuna njia za panya, dakika kumi tu tuko ng'ambo, wanapita watu kila siku. Kila mtu wa Namanga anazijua hizo njia, mbuzi wanazijua. Baba alikataa. Alisema hawezi kwenda kumzika dada yake kwa kujificha kama mwizi wa mifugo. Tukakaa kwenye mgahawa wa mtu tunayemfahamu, na kesho yake binamu akatushikia simu ya video pale kaburini. Kenya wakati ule mazishi yalikuwa watu 15 tu, kwa hiyo hata ndugu wengi wa kulekule walibaki nje ya uzio. Lakini kaka wa marehemu angekuwa kati ya hao 15, hilo halina mjadala. Mchungaji alipofika kwenye kutupa udongo bando la binamu likaisha. Tulipopata mawasiliano tena walikuwa wanapanga mawe.

Nimeandika hadi hapa nikagundua mikono inatetemeka, na imepita miaka mingi. Tuendelee na nchi.

Kenya ilifungua anga lake tarehe 1 Agosti 2020, na pamoja na tangazo hilo ikatoka orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini, mradi wawe na cheti cha PCR, kile kipimo cha korona cha maabara, cha ndani ya saa 96. Orodha ya kwanza ilikuwa fupi. Uganda na Rwanda zilikuwemo. Ethiopia, Zimbabwe, Namibia na Morocco zilikuwemo. Uswisi na Kanada zilikuwemo. Tanzania haikuwemo. Kwa maneno mengine, mtu anayetoka Geneva, ambaye wakati ule alihitaji viza kuingia Kenya, angetua Jomo Kenyatta akaenda moja kwa moja hotelini kwake. Mtu wa Longido asiyehitaji viza wala mwaliko angekaa karantini siku 14.

Mamlaka yetu ya usafiri wa anga ikajibu mara moja kwa kuiondolea Kenya Airways kibali cha kutua. Mwishoni mwa Agosti orodha ya Kenya ilikuwa imevuka nchi mia moja, Tanzania bado haimo, na kwetu wakazuiwa pia Fly540, Safarilink na AirKenya Express. Watu wengi mitandaoni walishangilia, kila mmoja upande wake. Mimi sikuwa na cha kushangilia. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuja 620,867. Hao wachache waliothubutu, sehemu kubwa ya wateja wetu sisi kampuni ndogo walikuwa wa safari ya nchi mbili: Maasai Mara kwanza, halafu Serengeti, au Amboseli halafu Namanga hadi Arusha. Ukikata Namanga na ukikata ndege za Nairobi, hiyo safari imekufa. Nilikaa usiku kucha nikiwahamishia wageni njia ya Addis Ababa au Doha ili watue KIA moja kwa moja. Waliokubali tuliwapokea kwa mikono miwili. Wengi walisema watakuja mwakani, wakaomba amana yao.

Kisa cha wageni waliokwama ni kimoja nitakachokieleza, kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho hata wenzangu kazini walikuwa hawakijui. Wakati ule viza ya Kenya ya kuingia mara moja ilimruhusu mgeni kutoka kwenda nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kurudi Kenya bila kulipia viza mpya, mradi muda wake haujaisha. Miaka yote ile tuliuza safari kwa kutegemea hilo. Mwaka 2021 tulikuwa na mke na mume, wazee wastaafu kutoka Uholanzi, waliotua Nairobi, wakavuka kuja kwetu, na walitakiwa kurudi Nairobi kupanda ndege. Viza yao ilikuwa hai. Cheti chao cha PCR cha kuondokea Ulaya kilikuwa kimekwisha muda zamani. Kurudi Kenya walihitaji kipimo kipya cha Tanzania, dola 100 kila mmoja, na sampuli zikitoka Arusha zilisafirishwa kwenda Dar es Salaam. Saa zinahesabiwa tangu pamba inapoingia puani, si tangu unapopata majibu. Wakati majibu yanafika kwenye simu, nusu ya muda imeshaliwa. Tulipita Namanga cheti kikiwa na saa chache tu za uhai, dereva wetu akiwa ameshika breki na sala kwa pamoja, na yule mama wa Kiholanzi akinipigia kila baada ya kituo kuniuliza kama bado tuko ndani ya muda. Tulikuwa ndani. Kwa wengine haikuwa hivyo; nimeona watu wakilala nyumba za wageni za Namanga wakisubiri pamba nyingine.

Na sisi tulifanya vilevile, lazima niseme. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021, baada ya Rais Samia kushika nchi, Tanzania nayo ikadai cheti cha ndani ya saa 72, na kwa wengi kipimo cha haraka wakifika, dola 25, ambayo baadaye Bara ikashushwa hadi dola 10. Nilifurahi kwamba hatimaye tunakiri ugonjwa upo. Ila kwa mama anayevuka na matenga ya nyanya, dola 25 ni mtaji wote. Na huku saa 72, kule walianza na saa 96. Ni barabara ileile moja ya lami.

Januari 2021 Uingereza ilikuwa imetuingiza sisi na Kongo kwenye marufuku yake, tarehe 22. Raia wake na wenye ukazi waliruhusiwa kurudi kwao, na kuanzia Februari kwa kulala hoteli ya karantini kwa pauni 1,750. Aprili 9 ikawa zamu ya Kenya. Kenya ikajibu kwa kuwawekea wanaotoka Uingereza karantini na kusimamisha ndege. Niliwasikiliza rafiki zangu wa Nairobi wakilalamika jinsi inavyoumiza kuwekwa kwenye orodha na nchi unayoiita rafiki, na nikawaelewa kabisa. Kenya ilitoka kwenye orodha nyekundu Septemba 2021, sisi Oktoba. Sina zaidi ya kusema juu ya London. Haituhusu kama Namanga inavyotuhusu.

Mambo ya Kenya na Tanzania yalilainika kwa hatua mbili. Septemba 16, 2020, baada ya Kenya kutuingiza kwenye orodha yake, mashirika yake ya ndege yakarudishiwa vibali. Halafu Mei 2021 Rais Samia akaenda Nairobi, akahutubia Bunge la Kenya, na Rais Kenyatta akatamka hadharani kwamba Watanzania waje kufanya biashara bila viza za biashara wala vibali vya kazi. Mawaziri wa afya wakaambiwa wakae wamalize suala la vipimo mpakani. Nilisikiliza hotuba zile ofisini na wenzangu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Machi 2022 nchi zote mbili, Kenya tarehe 11 na sisi tarehe 17, zikawaondolea waliochanja kikamilifu sharti la PCR. Msimu ule wa kiangazi Namanga ilijaa magari ya wageni hadi tukakosa pa kuegesha.

Sasa nisemacho ni hiki. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa Arusha, daladala zinapita jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja, Ibara ya 7, inatoa haki ya watu kutembea, na inaruhusu nchi kuiwekea mipaka haki hiyo kwa sababu ya afya ya jamii. Inataka pia nchi inayoweka zuio iwaarifu wenzake. Kwa hiyo Kenya kufunga haikuwa kuvunja mkataba. Kilichokosekana ni orodha ya watu wasiozuiliwa, iliyokubaliwa mapema na nchi zote, kama ile ya madereva. Aliyefiwa na mzazi, ndugu au mtoto. Mgonjwa aliyekuwa tayari anatibiwa hospitali ya ng'ambo. Mwanafunzi. Mama anayenyonyesha ambaye mume na mtoto mkubwa wako upande wa pili. Wapo Namanga, wapo Holili, wapo Sirari. Wapimwe kama dereva alivyopimwa, walipe kile dereva anacholipa, wapewe cheti kinachotambuliwa kwenye madirisha yote mawili, na saa za cheti ziwe zilezile. Ukurasa mmoja unatosha. Mawaziri walikaa siku moja Namanga wakaandika wa mizigo.

Nalisema sasa, wakati hakuna dharura, kwa sababu magonjwa hayajaacha kuja. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Kagera. Januari 2025 ikatangazwa tena, Biharamulo, Rais Samia akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros. Siku ile simu za wageni zilianza kabla ya chai ya saa nne: je, mipaka inafungwa, je, tufute? Safari hii takwimu zilitolewa hadharani na WHO ikashauri nchi zisizuie safari. Nikawajibu kwamba Namanga iko wazi, safari zinaendelea, wabebe cheti chao cha homa ya manjano kama wanatokea nchi yenye hatari ya ugonjwa huo.

Halafu nikampigia baba Longido. Yeye hakuuliza habari za wageni. Aliuliza kama safari hii, wakifunga, wameshaandika utaratibu wa wafiwa. Nikamwambia bado sijauona. Akasema niwaandikie watu wa Jumuiya, kwa kuwa niko mjini na najua kuandika. Barua nimeipeleka, na ninayoyasema humo ndiyo haya. Kama nawe una ndugu ng'ambo ya mpaka wowote wa Afrika Mashariki na ulizuiwa kumzika mtu wako, niandikie hapa chini: mpaka gani, mwezi gani, ulikuwa unakwenda kwa nani. Nitaziambatanisha.